Sura Aliyoiruka Atupele

Kitabu cha saba cha Mwalimu Eliud hakikumtisha mtu yeyote Kyela. Jambo hilo lilishangaza, maana vile sita vya kwanza viliwafanya watu wazima waogope kwenda msalani peke yao. Mwasiti, aliyeviuza dukani kwake sokoni pamoja na vitenge, alimrudishia mwalimu bunda zima.

"Mwalimu, safari hii umetuangusha. Jini anamwita mtoto kwa sauti ya mama yake, siku ya tatu anataka kumzamisha, sisi roho juu, nafunua ukurasa, watu wako harusini! Mganga yuko wapi?"

"Mbona nimemwandika?"

"Basi umemwandika moyoni."

Eliud alifunua nakala palepale. Sura ya kumi haikuwemo. Jasho likamtoka, na si la joto. Jini yule hakumbuni yeye. Alisimuliwa habari zake na Bibi Tusajigwe, mfinyanzi wa Ikombe, kwa sharti moja: habari hiyo haikatizwi. Kule Ikombe hata mvua ikinyeshea vyungu vibichi, msimuliaji hanyanyuki mpaka amemfukuza jini. Akimwacha njiani, jini hubaki na yule wa kwanza aliyekatiziwa.

Na wa kwanza alikuwa Atupele, shemeji yake, aliyemchapia vitabu vyote kwenye steshenari iliyokuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Eliud alidandia bodaboda.

Mlangoni alipokewa na harufu ya udongo mbichi wa kufinyangia. Nyumba ile haikuwa na mfinyanzi.

"Shemeji, sura ya kumi iko wapi?"

Atupele aliinamisha kichwa. "Niliiruka. Mimi mwanakwaya, shemeji. Yale maneno ya mganga vidole vilikataa kabisa. Nikasema, nani atajua?"

"Na karatasi nilizoandika kwa mkono?"

"Nilimpa mama wa maandazi, afungie." Kisha akanong'ona, huku akimwonyesha kwa jicho binti yake wa miaka saba, aliyekaa kwenye mkeka akiukodolea macho mlango wa nyuma. "Asifiwe haniitikii tena. Juzi nilimkuta kwenye majaruba ya mpunga, maji yamemfika kiunoni. Ananiambia, mama, si wewe uliyeniita? Leo ni siku ya tatu, shemeji. Nisaidie."

Eliud alimpigia Bibi Tusajigwe, simu haikupatikana. Ikabidi aisome sura ile kwa kichwa, na hapo akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani, kwa sababu alikuwa ameiandika mara tatu ili inoge, mara mama wa mtoto anyamaze mganga anaposema, mara mama aite bila kukoma, na sasa hakukumbuka ipi ilikuwa ya Ikombe na ipi ilikuwa mbwembwe zake.

"Nyamaza," alisema hatimaye. "Nadhani mama hunyamaza."

"Unadhani?"

"Ziba mdomo, shemeji, nakuomba."

Atupele akauziba kwa mikono miwili. Eliud akaanza maneno ya mganga, polepole, na kadiri alivyoendelea ndivyo harufu ya udongo ilivyozidi kukaba, na vyura waliokuwa wakilia majarubani wakanyamaza mmoja mmoja, na sakafu ikaanza kutoa maji chini ya mkeka, naye hakusimama, akasoma mpaka akafika neno la mwisho bila kukosea hata moja.

Eliud akautazama mlango wa nyuma.

Kisha, nyuma ya nyumba, sauti ya Atupele ikaita taratibu, "Asifiwe, njoo mwanangu."

Mtoto aligeuka kumtazama mama yake, akangoja aseme neno. Atupele akaondoa mikono mdomoni, akapanua kinywa, akapiga kelele kwa nguvu zake zote. Hakikutoka kitu.

"Ndaga fijo, mwalimu," sauti yake ilishukuru kutoka nje. "Sauti hii sasa ni yangu."

"Abee, mama!" Asifiwe aliitika kwa furaha, akachomoka. Atupele alimrukia, akamkosa.

Walimkimbilia wote wawili. Walipofika, maji yalikuwa yameshatulia juu ya mpunga. Eliud alijitosa, akipapasa matope na kulia, na ukingoni Atupele alikuwa amepiga magoti akimwita mwanawe, tena na tena, mishipa ya shingo imemsimama, bila sauti hata chembe.