Alama ya Kidole kwenye Kioo

Mgeni aligonga dirisha la karakana bila taarifa. Alikuwa mkaguzi, na alitarajiwa wiki ijayo.

"Nimewahi," alisema akivaa koti jeupe na kofia ya kufunika nywele. "Nikiridhika, kifaa kinafungwa leo leo."

Cherehani, mtoto aliyeruhusiwa kuingia humo na shangazi yake, alirudi nyuma hatua moja. Jina hilo alipewa nyumbani kwa kuwa mdomo wake haukupumzika. Muda mfupi uliopita, Shangazi, fundi wa kifaa, alipogeuka, yeye alivua glavu ajikune pua, kisha akagusa kioo cha kifaa. Na asubuhi alikuwa amejipaka mafuta.

Kifaa kile kingepanda na setilaiti. Kioo chake kingenasa mwanga hafifu wa hewa ya juu kabisa, na rangi ya mwanga huo ingeonyesha upepo na joto la huko ambako ndege hazifiki.

"Leo cherehani imekatika uzi?" Shangazi alitania. "Mbona kimya?"

Cherehani alijua sheria: anayegusa kioo haingii tena, hata siku ya picha ya kwanza kutoka angani, siku aliyoisubiri kwa hamu. Hata hivyo akamkaribia.

"Shangazi, nimegusa kioo. Kwa kidole kitupu."

Mkaguzi alimulika kioo kwa tochi, upande upande. Alama ikaonekana, ndogo kama punje ya mchele.

"Ningekipitisha hiki," alisema taratibu. "Huko juu mafuta haya yangetudanganya kila siku, na hakuna fundi wa kupanda kuyafuta."

Shangazi alimgeukia Cherehani. "Sheria ni sheria, mwanangu. Huingii tena. Lakini picha ya kwanza nitakuletea mwenyewe, ikiwa bado ya moto."

Kioo kikasafishwa, setilaiti ikarushwa salama. Siku ya picha, Cherehani alikaa langoni na mlinzi. Ghafla makofi yakalipuka ndani.

"Wameweza hao!" mlinzi akaruka.

Shangazi akatoka mbio na karatasi yenye joto la mashine ya kuchapia, imejaa mishale ya upepo, wekundu wa joto na buluu ya baridi. Nyuma yake sauti ikamwita kwenye picha ya pamoja.

"Shangazi, si wanapiga picha ya pamoja na mkurugenzi? Utakosekana!"

"Acha nikosekane. Nilikuahidi." Akaketi kwenye ngazi. "Tazama. Kila mshale hapa ni wa kweli kwa sababu nawe ulisema kweli, ilipokuwa rahisi kunyamaza."

"Huu mrefu unaenda wapi? Na huu? Kwa nini huu umepinda?"

Ndani, jina la Shangazi liliitwa mara ya pili. Hakugeuka. Aliweka kidole kwenye mshale wa kwanza, akaanza kueleza.