Kinyozi na Glasi ya Maziwa

Kinyozi alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kila asubuhi alikunywa glasi kubwa ya maziwa, akafungua duka, akaanza kazi na porojo.

Lakini tumbo lilimsumbua. Lilijaa gesi, likanguruma, kisha likamwendesha. Jumamosi moja alikuwa akimnyoa bwana harusi. Alipomaliza upande mmoja, akaweka mashine mezani.

"Samahani ndugu yangu, nakuja sasa hivi."

Akakaa chooni dakika ishirini. Bwana harusi akabaki mbele ya kioo, nusu nywele, nusu upara. Nje, gari la harusi lilikuwa likipiga honi.

Kinyozi alirudi akamaliza kazi, lakini aibu ilimjaa. Jumatatu alikwenda zahanati na mkewe.

"Dada, tumbo la huyu lina kelele kuliko mashine yake," mke alimwambia muuguzi.

Muuguzi alitabasamu. "Umepungua uzito? Una homa? Choo kina damu?"

"Hapana," alijibu kinyozi.

"Vizuri. Ungekuwa na mojawapo, ungemwona daktari leo leo. Tumbo huchafuka wakati gani?"

"Kama saa moja baada ya kunywa maziwa. Lakini maziwa si mazuri?"

"Ni mazuri. Ila yana sukari yake, na matumbo ya watu wazima wengi hushindwa kuisaga. Huenda ndiyo shida yako, huenda siyo. Tusikisie. Kwa wiki mbili acha maziwa na chochote chenye maziwa. Andika unachokula na tumbo linavyokuwa. Kisha uyarudie kidogo kidogo."

Mke akanunua daftari. Siku ya nne kinyozi aliandika: "Kimya." Siku ya sita tumbo likanguruma tena.

"Umekula nini?" aliuliza mke.

"Biskuti tu, mke wangu. Pakiti moja. Basi, mbili."

Mke akasoma maandishi kwenye pakiti. Biskuti zilikuwa na unga wa maziwa. Wakaanza kuhesabu siku upya.

Wiki mbili zikapita salama. Kinyozi akajaribu nusu kikombe cha maziwa. Hakuna kitu. Baada ya siku tatu akanywa glasi nzima. Saa moja haikuisha, akawa mbio chooni. Safari hii alitoka akicheka. "Nimemkamata mwizi wangu," alisema.

Wakarudi kwa muuguzi na daftari lao.

"Sasa tunajua," alisema muuguzi. "Maziwa kidogo kwenye chai hayatakudhuru. Jaribu na mtindi, wengi huuweza. Kwa ajili ya mifupa, kula mboga za majani na samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao."

"Na mtoto wetu, naye aache?" aliuliza mke.

"La. Yeye hana shida, aendelee kunywa. Kila mtu na tumbo lake."

Jumamosi iliyofuata kinyozi alinyoa vichwa tisa mfululizo. Mkewe alipita dukani.

"Baba watoto, tumbo linasemaje?"

"Halisemi," alijibu kinyozi. "Leo nasema mimi tu."

Wateja wote walikubali kwamba hilo lilikuwa kweli kabisa.