Saa Juu ya Meza

Umati uliokuwa ukikimbilia treni ya saa tano ulimsukuma mwanamume mmoja mrefu hadi kwenye kibanda cha vioo kilichokuwa chini ya ngazi za kituo. Aliyemsukuma alipita bila hata kuomba radhi. Mwanamume yule aligeuka, ngumi kaikunja, mishipa ya shingo imemtoka, na watu watatu wakampisha haraka.

“Kaka,” ilisema sauti kutoka kibandani, “ukinivunjia kioo, fagio hilo hapo. Utazoa mwenyewe.”

Aliinamisha macho. Ndani aliketi mwanamke mwenye gauni la buluu na kola nyeupe, lenzi nyeusi imebanwa kwenye jicho la kulia, na kwenye ncha ya kibano chake skrubu ndogo kuliko punje ya sukari. Mkono wake haukutikisika.

“Hukuogopa?”

“Niliogopa skrubu isianguke.”

Ngumi ilikunjuka. Mwanamume akavua saa yake bila kujua kwa nini. “Hii inachelewa.”

“Siku hizi nani hachelewi? Lete.”

Tangu siku hiyo akawa Koplo, kwa cheo alichotoka nacho jeshini baada ya miaka tisa, na yule mwanamke akawa Fundi. Kila adhuhuri simu iliita.

“Mpenzi, leo umegombana na wangapi?”

“Mmoja tu, Fundi wangu. Na yeye ndiye aliyeanza.”

“Kama kawaida. Wao ndio huanza.”

Koplo hakumficha kitu. Kila Jumanne, katika hospitali ya wanajeshi, aliketi kwenye duara la viti pamoja na wanaume wengine kumi na mmoja, na mshauri wao akawafundisha kuipima hasira kuanzia sifuri hadi kumi. “Vitani ndiyo iliyoniweka hai,” alisema. “Siku ya kuondoka, bunduki waliipokea, wakanisainisha. Hasira hakuna aliyeiulizia.”

Kanuni ilikuwa moja. Ikifika sita, atoke, atembee, asifuatwe, na arudi kabla ya nusu saa kwisha. Na ili anayebaki ajue kuwa hakuachwa, aache juu ya meza kitu anachokithamini. Koplo aliacha saa. Kwa miezi minne aliiacha mara saba juu ya meza ya nyumbani kwa Fundi, na mara saba alirudi.

“Mchumba wako ana adabu ya ajabu,” alicheka shangazi, ambaye Fundi aliishi naye. “Marehemu mjomba wako alikuwa akiniachia vigae vya sahani.”

Mara ya nane, Koplo aliingia akitoka hospitalini, uso umesawijika. Mwenzake wa kiti cha kushoto hakuja. Alikuwa mahabusu kwa kumvunja mkewe taya.

“Yule ndiye aliyekuwa mbele yetu sote, Fundi. Kama yeye kashindwa, mimi ni nani?”

“Wewe si yeye.”

“Unajuaje?” Sauti ilipanda. Kisha akafumba macho, akavua saa, akaiweka mezani. “Imefika nane,” alisema, akatoka.

Fundi alibaki akiisikiliza saa ile. Sikio lake halikumdanganya: ilikuwa imeanza kuchelewa tena, na kwa saa ya ukutani ni dakika nne nzima. Akilini alimwona mpenzi wake akirudi mbio kutimiza ahadi, kisha akivaa tena saa inayomwibia dakika, na moyo ukamuuma. Akatandaza kitambaa cheupe, akaifungua.

Dakika ya ishirini na nane, buti zilisikika zikipanda ngazi. Koplo alifungua mlango akitokwa jasho, akitabasamu, vidole vitatu vimenyooshwa: tatu! Ameishusha hadi tatu. Ndipo alipoiona ahadi yake juu ya kitambaa, vigurudumu huku, mishale kule.

“Umeivunja.”

“Naitengeneza, mpenzi, ilikuwa…”

Meza iliruka. Ukingo wake ukampata Fundi kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na mfupa ukalia. Koplo akabaki akiitazama mikono yake kana kwamba ameiazima kwa mtu asiyemjua.

Plasta ilikaa wiki sita. Simu za Koplo ziliita, Fundi akapokea moja tu.

“Namba ilikuwa ngapi?” aliuliza.

“Sikuiona, Fundi. Ilitoka tatu, ikawa kumi. Sikuiona ikipita.”

Mfupa uliunga. Fundi alirudi kibandani, na hapo ndipo alipogundua kilichobaki kimevunjika. Kila viatu vizito vilipokanyaga ngazi juu ya kichwa chake, vidole vilitetemeka na skrubu ikaruka. Na kituoni viatu havikomi. Siku tisa alihangaika na saa moja tu, ile ya Koplo, hadi ikakubali kutembea.

Siku ya kumi alikuja mwenyewe, shati jeupe, suruali imepigwa pasi hadi inakata, na miguuni ndala.

Fundi alicheka kabla hajajizuia. “Koplo! Pasi yote hiyo, halafu ndala?”

“Shangazi aliniambia habari za buti.” Aliweka kiganjani pete nyembamba. “Jumanne sijakosa hata moja. Nilitaka tuoane mwezi huu.”

“Najua.”

“Huniamini?”

“Nakuamini. Na nimekusamehe, mpenzi.” Akaunyoosha mkono wa kulia juu ya sinia la vifaa. Ulitetemeka, na vibano vikagongana taratibu. “Huu ndio bado. Nimeubembeleza, haunisikii.”

Koplo aliutazama. Akarudisha pete mfukoni. Fundi akamsogezea saa.

“Haichelewi tena.”

Koplo aliivaa, akaivua, akaiweka juu ya meza.

“Usinifuate,” alisema.

“Nusu saa?”

“Safari hii sijui, Fundi wangu.”

“Jumanne usiache kwenda.”

“Siachi.”

Ndala zilipanda ngazi juu ya kichwa chake, nyepesi, moja baada ya nyingine. Fundi alivitazama vidole vyake. Havikutikisika hata kidogo, naye akalia kwa ajili hiyo.

Alisubiri nusu saa. Kisha akaitia saa ufunguo, akaiegemeza kwenye kioo, uso wake ukizielekea ngazi.