Duka la Bawa

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Kidoti alijibanza nyuma ya tangi la maji la shule akiwa na kitabu cha kusoma. Mdogo wake wa darasa la tatu alimsomea ukurasa wa siku hiyo, mara moja, mara mbili, naye alisikiliza huku amefumba macho mpaka kila neno likaganda kichwani. Mdogo mtu alidhani ni mchezo. Akimaliza tu, mbio kwa wenzake! Kidoti akabaki pale peke yake, akirudiarudia maneno kwa sauti ya chini kama mtu anayezungumza na ukuta.

Nyumbani walimwita Kidoti kwa sababu ya alama ndogo nyeusi shavuni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Hesabu za kichwa alizijua, na kuchora ndiyo usiseme, lakini herufi hazikukubali kutulia mbele yake. Akitazama neno, herufi moja ilijigeuza, nyingine ilipanda mgongoni mwa jirani yake. Alipomweleza mwalimu mwaka uliopita, aliambiwa, "Uvivu huo. Soma kwa bidii." Tangu hapo hakumwambia mtu mwingine.

Siku moja mwalimu alimtaka asome. Kidoti alisimama na kusoma bila kukwama hata mahali pamoja. Msichana wa dawati la nyuma akachungulia, kisha akapiga kelele:

"Mwalimu, kitabu chake amekishika juu chini!"

Darasa zima liliangua kicheko. Kuanzia siku hiyo jina lake shuleni likawa Kasuku. Wakati wa mapumziko, wasichana walipopanga mstari wa kuruka kamba, yeye hakwenda tena. Nani angetaka kuruka kamba na kasuku?

Mahali pekee alipopumua ni kibandani kwa baba yake, mchora mabango. Nusu ya maduka ya mji ule yalikuwa na majina yaliyotoka mkononi mwake. Mama, ambaye alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, ndiye aliyemwandikia maneno kwenye karatasi kabla ya kwenda kazini. Baba aliyanakili ubaoni kwa penseli, kisha akayajaza rangi. Kidoti alidhani ni kwa sababu mama ana mwandiko mzuri.

Jumamosi moja, mwenye duka la dawa aliagiza bango jipya. Baba alikuwa akimalizia kazi nyingine, akamwita binti yake.

"Kidoti, leo wewe ndiye fundi. Nakili maneno ya mama yako kwa penseli. Mimi nitafuata na rangi."

Moyo ulimruka kwa furaha na hofu pamoja. Alinakili polepole, akasawazisha mistari kwa rula, akafuta, akachora tena. Baba alitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akajaza rangi ya buluu. Jioni, duka likiwa limeshafungwa mpaka Jumatatu, walilibeba na kulipigilia misumari juu ya mlango.

Jumatatu Kidoti alipotoka shule alikuta watu wamejaa mbele ya duka lile wakishika mbavu. Bango lilisema: *Duka la bawa*.

"Dada," kijana wa mkokoteni alimwuliza mwenye duka, "hayo mabawa ni ya kuku au ya bata?"

Mwenye duka hakucheka. Baba alikuwa ameitwa, amesimama chini ya bango, kofia mkononi.

"Fundi, wagonjwa wanakuja hapa wakiwa na homa, wewe unanifanya kichekesho! Hukuona ulichoandika?"

Baba aliinamisha kichwa. "Nisamehe, dada. Nilikosa."

Kidoti angeweza kupita zake. Zaidi ya baba, hakuna aliyejua mkono wake ulihusika. Lakini alipouona uso wa baba, miguu ilimpeleka mbele yenyewe.

"Ni mimi niliyechora herufi," alisema. "Baba hana kosa."

Mwenye duka alimtazama, hasira ikampungua. "Haya. Nendeni mkarekebishe."

Walirudi kibandani, baba ameshika upande huu wa ubao, binti upande ule. Baba alipoliegemeza bango ukutani, Kidoti alishindwa kuvumilia.

"Baba, mimi nilikosea. Lakini wewe ulipaka rangi. Kwa nini hukuona?"

Baba aliketi juu ya debe tupu la rangi.

"Kwa sababu sijui kusoma, mwanangu."

"Wewe? Mji mzima umeandika wewe!"

"Siandiki. Nachora. Mtu anaweza kuchora tembo bila kumfuga." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likazimika. "Niliacha shule darasa la nne. Mwalimu alisema kichwa changu kimejaa mchanga, nami nikamwamini. Mama yako peke yake ndiye anayejua."

"Baba... herufi zako nazo zinaruka?"

Baba alimgeukia upesi. "Kama panzi. Wewe umejuaje?"

Kidoti alianza kulia. Alieleza kila kitu: kukariri, kicheko, jina la Kasuku. Baba alimsikiliza, macho yake nayo yamelowa.

"Miaka yote hii," alisema, "nilidhani ni mimi tu duniani."

"Hata mimi, baba."

Kesho yake baba alivaa shati lililopigwa pasi, wakaenda shuleni pamoja. Langoni alisita, akafuta viganja kwenye suruali. Kisha akaingia, akamweleza mwalimu habari zote, zake na za binti yake. "Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua," alimalizia. "Ndiyo maana nimekuja."

"Huenda haya si maradhi, mzee," alisema mwalimu. "Na mimi nilimwita mvivu. Kidoti, nisamehe."

Alimpeleka kwa mwalimu wa elimu maalumu, ambaye alimpima kwa siku kadhaa. Kumbe hali ile ina jina: disleksia. Ubongo una akili zake zote, ila hupata taabu kuunganisha herufi na sauti, na mara nyingi hali hiyo hurithiwa katika familia. Haiondoki kwa viboko wala kwa kelele. Inahitaji njia nyingine ya kufundishwa, na muda.

Njia hiyo ilianza kwa msasa. Kwa maelekezo ya mwalimu yule baba alikata herufi za msasa, na kila jioni, kwenye somo la ziada, Kidoti akawa anazipitishia kidole huku akitamka sauti zake. Kwenye *d* tumbo hutangulia, fimbo hufuata. Kwenye *b* fimbo hutangulia. Alichoka, alikasirika, siku nyingine alizitupa chini. Wapo waliomwita Kasuku bado, na mapumziko mengi bado aliyapitisha peke yake.

Muhula ulipokaribia kwisha aliomba mwenyewe kusoma darasani. Alisoma aya moja tu, polepole, akikwama mara mbili. Mtu mmoja alicheka. Kidoti alinyamaza, akavuta pumzi, akaendelea mpaka nukta ya mwisho. Safari hii maneno yalitoka kwenye ukurasa.

Mwalimu alifunga kitabu, akalitazama darasa.

"Kutoweza jambo si aibu," alisema. "Lakini ukilificha, unabaki nalo peke yako, na hakuna wa kukusaidia. Sema ukweli, kisha fanya kazi. Nasi tunaosikia ukweli huo, tusicheke. Mimi mwenyewe nimejifunza hilo mwaka huu."

Jioni hiyo, kwenye somo la ziada, mlango uligongwa. Alikuwa baba, rangi ya kijani kwenye nyusi.

"Mwalimu," alisema kwa aibu, "kuna nafasi ya mwanafunzi mwingine?"

Kidoti alisogea pembeni ya dawati.

"Kaa hapa, baba," alisema. "Tunaanza na *a*."