Abiria wa Sinema ya Magari

Haya yalimpata jirani yetu, mwalimu wa historia, mwaka aliofiwa na mumewe. Hakulia msibani, na msiba ulipokwisha hakulia pia. Alikuwa kama aliyechomwa sindano ya ganzi ikasambaa mwili mzima. Akisemeshwa, alijibu. Akiwekewa chakula, alikula. Akaendelea kuandika kitabu chake kuhusu ile sinema ya zamani nje ya mji, ambako watu walitazama filamu wakiwa ndani ya magari yao.

Siku moja, asubuhi nzima alikuwa maktaba akipekua magazeti yaliyochakaa. Tangazo la sinema lilikuwepo kila Jumamosi, mwaka baada ya mwaka, kisha ghafla halipo. Hakuna habari ya kufungwa, hakuna chochote. Akavuka barabara hadi ofisi ya nyaraka kuomba ramani ya kiwanja. Mtunza nyaraka, mzee mpenda utani, alimtania kwamba anatafuta sinema ya bure. Aliposikia anakwenda kukiona kiwanja chenyewe, utani ukamkauka mdomoni. Akamsogelea.

"Mwanangu, ukifika pale, usizime gari."

Hakuuliza kwa nini. Siku hizo hakuwa mtu wa kuuliza.

Alifika jua likiwa bado kali. Ukuta mweupe wa kuonyeshea filamu ulikuwa ungali umesimama, majani makavu yameuzunguka. Akaegesha akiuelekea, akakunjua ramani, akazima gari.

Kimya.

Kisha mlango wa gari ukafungwa, mahali fulani nyuma yake. Ukafuata mwingine. Mtoto akacheka, akanyamazishwa. Akatazama kwenye kioo: majani matupu. Alijua anapaswa kuogopa. Aliusubiri woga, haukuja.

Kiti cha pembeni yake kikabonyea.

"Ni wewe?" alinong'ona. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kitu kilimgusa moyoni.

Jibu lilitoka karibu kabisa na sikio lake. Sauti ya mwanamume, ngeni kwake.

"Imeshaanza?"

Moyo ukarudi kuwa jiwe. Akawasha gari, akaondoka.

Njia nzima gari lililia, tii, tii, tii, kama linavyolia abiria asipofunga mkanda. Kiti kilikuwa kitupu. Kelele zile zikamchosha. Kwenye taa nyekundu akanyoosha mkono, akauvuta mkanda, akaufunga. Mlio ukakatika. Lakini mkanda haukulala kitini. Ulibaki umetuna, hewani. Akatazama mbele, akaendesha.

Nyumbani alimsimulia wifi yake bila kupandisha sauti, kama msomaji wa taarifa. Wifi akasema huo ni uchovu wa msiba, akachukua ufunguo, akatoka kwenda kujionea. Alirudi ameshikilia ukuta.

Asubuhi akaitwa fundi wa magari. Alibonyeza kifungio cha mkanda, kikakataa kuachia. Mwishowe akaukata kwa kisu.

Ncha mbili hazikuanguka. Zilibaki palepale, zikipanda na kushuka, taratibu.

Fundi akarudi nyuma. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba, uso hauna kitu.

"Mwache," alisema. "Amelala."

Gari liko uani mpaka leo, na hakuna anayeligusa. Hata jua la mchana likiwaka, kioo cha upande wa abiria kina ukungu, kwa ndani.