Uji Alioukataa Kaloki

Kila Jumamosi Syombua aliamka saa kumi na mbili asubuhi, wakati hata jogoo wa ploti yao pale Makongeni alikuwa bado anajikuna. Alinawa uso haraka haraka, kwa maana maji ya Agosti mjini Thika hayana huruma, kisha akabeba kilo mbili za wimbi hadi kwenye kisiagi cha Mzee Gichuru. Hapo alitakiwa awe wa kwanza kusagiwa. Si wa pili. Wa kwanza.

Sababu ilikuwa mdogo wake, Kaloki, mwenye miaka saba. Kaloki alikuwa na usonji. Maneno yake yalikuwa machache, ungeweza kuyahesabu kwa vidole na vidole vingine vibaki bila kazi. Vyakula vyake navyo vilikuwa vitatu tu: viazi vya kuchemsha, mkate mweupe uliotolewa ganda, na uji wa wimbi mtupu ndani ya kikombe cha bluu. Uji aliunywa asubuhi na jioni, na ndio uliomsaidia kwenda choo. Akiukosa, tumbo lake lilifunga kama duka siku ya mazishi.

Majirani walisaga unga wa uji uliochanganywa mahindi, soya, njugu na omena, vile visamaki vidogo vilivyokaushwa. Ni unga mzuri, wenye nguvu, ila harufu ya omena hubaki ndani ya mashine. Kila jioni Mzee Gichuru aliipiga mashine brashi, kwa hiyo wa kwanza asubuhi alipata unga usio na harufu ya mwenzake.

"Ukishindwa kuwa wa kwanza, rudi na wimbi lako nyumbani," mama yao, Kaveke, alikuwa akisema. "Tutangoja kesho."

Jumamosi moja ya likizo, Syombua alimkuta rafiki yake Lynn langoni akiruka kamba.

"Niaje, Syombua. Ruka raundi moja tu. Ama unaogopa nitakushinda?"

"Wewe unishinde mimi?" Syombua akaweka wimbi chini.

Raundi moja ilizaa ya pili, na ya pili ikazaa pacha. Alipofika kwenye kisiagi, mama yake Lynn, Magdalene, alikuwa anatoka na debe la unga kichwani, na omena wake wakinukia njia nzima.

Mzee Gichuru alimtazama akiwa mweupe wa unga hadi kwenye nyusi. "Kairitu, msichana wangu, leo usingizi ulikushika? Nisage hivi hivi, ama urudi jioni nikishapiga brashi?"

Syombua alijua jibu. Lakini kurudi jioni ni kumweleza mama kwa nini. "Saga tu, Guka," akamjibu mzee. Unga wa wimbi ni mweusi, akawaza. Nani ataona?

Kweli, hakuna aliyeona. Jumapili asubuhi Kaloki alishika kikombe chake cha bluu kwa mikono miwili, akakisogeza puani, kisha akakiweka mezani polepole.

"Kunywa, baba," mama alimwambia. Alionja mwenyewe. "Mbona ni uji tu?"

Kaloki alibeba kikombe hadi kwenye veranda, akakiweka mbele ya paka wa ploti. Paka aliramba uji wote, akaramba hata sakafu. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Syombua hakucheka. Paka alijua. Kaloki alijua. Mama ndiye asiyejua, na aliyejua mbali na hao wawili alikuwa ameinamia viatu vyake vya kanisani, akivisugua kama vimekosa.

Jioni Kaloki aliukataa uji tena. Jumatatu alivikataa viazi pia, kwa sababu vilichemshwa kwenye sufuria ile ile. Akabaki na mkate mkavu, kidogo kidogo kama ndege. Kufikia Jumatano hakuwa ameenda choo kwa siku nne. Alitoka nje na kulalia tumbo ukingo wa karo, pale wanapofulia nguo, akisukuma simenti kwa nguvu na kulia bila sauti. Ukimgusa, anapiga kichwa ukutani.

"Hayo ni madeko, Mama Kaloki," Magdalene alisema akianika nguo. "Njaa itamfundisha. Wangu nikiwawekea chakula, wanakula na sahani."

"Wako si Kaloki," Kaveke akajibu, na sauti yake ilikuwa imechoka.

Usiku huo Syombua alifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza akaomba chumvi. Mara ya pili akapiga mwayo.

Alhamisi mama hakwenda kazini Ruiru. Walimpeleka Kaloki hospitalini, Syombua akiwa amemshika mkono, kwa kuwa mkono wake ndio Kaloki alioukubali. Daktari Dianah alikuwa mwanamke mnene mwenye viatu visivyotoa sauti. Hakumlazimisha Kaloki kupanda kitandani. Alipiga magoti pale chini, akangoja, kisha akamgusa tumbo kwa vidole viwili.

"Limekuwa gumu," alisema. "Amefunga choo, na tumbo likijaa hivi, hata mimi na wewe tusingetaka kula. Nitampa dawa ya kulainisha choo, isiyo na harufu wala ladha, anywe na maji. Lakini kinachonitia wasiwasi ni kwamba hataki kula. Nini kimebadilika nyumbani?"

"Hakuna, daktari. Wimbi ni lile lile. Kikombe ni kile kile."

Daktari aliandika kitu, akaweka kalamu chini. "Basi tumpe mpaka Jumamosi mchana. Asipoanza kula vizuri, nitamlaza, na tutampitishia chakula kwa mpira mwembamba puani. Ni kwa usalama wake."

Syombua alimtazama mdogo wake. Huyu ni Kaloki ambaye ukimpangusa kamasi kwa kitambaa laini, analia robo saa. Mpira. Puani. Watu wanne wamemshika.

"Kimebadilika," alisema.

Mama aligeuka. "Nini?"

"Unga, mwaitu. Sikuwa wa kwanza. Niliruka kamba na Lynn. Mama Lynn alikuwa ametoka kusaga omena, na Guka akaniuliza, nikamwambia asage tu." Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Nilijua tangu Jumapili. Tangu paka."

Kaveke alifunika macho kwa kiganja, na Syombua akajikaza kungoja kofi. Kofi halikuja.

"Siku tano, Syombua," mama alisema hatimaye. "Siku tano nimemwambia mtoto huyu kwamba ananisumbua."

Daktari Dianah alisogeza kiti. "Umechelewa, lakini umesema kabla ya Jumamosi. Sasa sikilizeni. Watoto wengi wenye usonji hupata harufu na ladha kwa nguvu kuliko sisi. Harufu ndogo kwako, kwake ni samaki mzima ndani ya kikombe. Hakuwa akideka. Sasa msimfiche chochote. Mwonyesheni unga, mwonyesheni sufuria, mwelezeni ukweli hata kama hajibu. Halafu mngoje. Msimsukumie kikombe."

Kesho yake, kisiagi kikiwa bado kimefungwa kwa kufuli, Syombua alikuwa mlangoni, amejifunga leso ya mama kichwani. Alimweleza Mzee Gichuru yote, hata sehemu ya paka.

Mzee alikuna nyusi zake, unga ukadondoka. "Na mimi nina makosa. Wimbi la Kaloki nalijua. Ningekuambia sisagi, ungenuna, basi." Akafungua mashine, akapiga brashi mara ya pili, akasaga kikombe kimoja cha wimbi na kukimwaga nje, ndipo akasaga lililobaki. Magdalene alikuwa wa pili kwenye foleni na debe lake.

"Kwani hiyo mashine inaenda harusi?" aliuliza.

"Ni ya Kaloki, Mama Lynn," Syombua akamjibu. "Omena wako wa Jumamosi waliingia kwenye uji wake. Si madeko."

Magdalene aliweka debe chini. "Piga brashi vizuri, Gichuru. Mimi nitangoja."

Nyumbani mama alikuwa ameazima sufuria ambayo haijawahi kuona samaki. Syombua aliketi chini kando ya Kaloki, akamfungulia mfuko wa unga.

"Ule mwingine ulikuwa na omena," alimwambia. "Mimi ndiye niliuharibu. Wewe ulisema kweli. Huu hauna."

Kaloki hakumtazama. Aliingiza pua mfukoni, akatoka na pua nyeusi, akaondoka. Uji ulipoiva, kikombe cha bluu kiliwekwa mkekani, mbali kidogo naye. Asubuhi hakukigusa. Mchana alichovya kidole na kukinusa. Jioni alichovya kidole, akakiramba. Kila mara mama alinyanyuka kama anayetaka kusaidia, na kila mara Syombua akamvuta leso: "Tungoje."

Jumamosi asubuhi mama alikuwa tayari amefunga nguo za Kaloki kwenye mfuko, za kulazwa nazo. Syombua alipika uji mwingine, akamnusisha unga tena, akaweka kikombe mkekani. Kaloki alikaa. Alinusa. Alionja. Kisha akakiinua kwa mikono miwili na kunywa mpaka chini, akakishusha na kukisukuma kuelekea kwa dada yake.

"Ingine," alisema.

Alikunywa vikombe viwili. Na saa nne hivi, dawa ya daktari nayo ikifanya kazi yake, Kaloki alishika tumbo na kukimbia chooni. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka, uso wake ulikuwa umelainika. Mama alienda kuangalia, akarudi akifuta machozi na kucheka. Hakuna choo kilichowahi kupokelewa kwa furaha kiasi hicho pale Makongeni. Hata Magdalene alipiga vigelegele, ingawa baadaye alisema alikuwa anafukuza kuku.

Mama alimpigia daktari simu, kisha akaanza kuzitoa zile nguo mfukoni, moja moja. Syombua alikuja kumsaidia kuzikunja.

"Mwaitu, bado umenikasirikia?"

"Kidogo. Itaisha." Kaveke alimvuta karibu naye. "Mtu akikataa chakula, mwulize kwanza, hata kama ni mtoto. Kaloki hana maneno mengi, lakini alisema ukweli siku ya kwanza kwa kikombe chake, na mimi sikumsikia. Wewe unayo maneno ya kutosha soko zima, ukayaficha siku tano, na mwenzako akaumwa tumbo kwa ajili hiyo. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Kosa la jana ni rahisi kuosha. La wiki nzima hukauka kama uji kwenye sufuria."

"Ndiyo, mwaitu."

"Haya. Na ile sufuria ya uji wa omena iko kwenye karo. Anza nayo."