Tatu au Nane? Picha za Daftari la Mkunga

Nyumbani kwa Mama Pacha watu hawali kimya. Jioni ile Bibi, mama mkwe wake, alikuwa anasimulia ndoa ya mtaani iliyovunjika kwa sababu ya pazia. Baba Pacha, fundi cherehani, alicheka hadi akaangusha kijiko.

Mama Pacha hakucheka. Wala hakula.

"Mkeo hali," Bibi alimwambia mwanawe. "Au chakula changu kina kasoro?"

"Hapana, mama," alijibu Mama Pacha. "Ni kazi."

Kazi yake ni kupiga picha vitu vya makumbusho. Safari hii makumbusho yalikuwa yameazima daftari la mkunga wa zamani, marehemu sasa. Mkunga yule aliandika kwa penseli jina na tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto aliyempokea. Kurasa tisini na sita, na penseli inafifia. Binti wa mkunga ndiye mwenye daftari. Kesho yake saa sita mchana angekuja kulichukua na kuhama nalo moja kwa moja.

"Leo mkuu wangu amekuza picha moja," alisema Mama Pacha. "Maandishi yamekuwa kama moshi. Akaniuliza, 'Hiki ndicho watakachosoma wajukuu?'"

"Na mimi si nimo humo?" aliuliza Bibi.

"Umo, mama. Ukurasa wa arobaini."

Alifungua kompyuta yake. Jina la Bibi lilionekana kwa shida. Tarakimu ya mwisho ya mwaka ilikuwa doa tu.

"Hiyo ni nane," Bibi alisema haraka.

"Mama, hiyo ni tatu," alisema Baba Pacha.

"Nane! Kwani ulikuwepo?"

"Hodi humu!" Alikuwa jirani yao, Mama Kalenda. Kwenye kiwanda chake kidogo cha uchapaji anachapa kalenda na kadi za harusi. Kwa hiyo anajua nani anaoa nani kabla ya shangazi zao. "Nimesikia kelele, nikajua kuna chakula."

Walimkaribisha, wakamweleza. Alivaa miwani, akasogea kwenye kompyuta.

"Hii ni faili ya aina gani?"

"TIFF," alisema Mama Pacha. "Mkuu alitaka TIFF. Tazama ilivyo kubwa!"

"Na kamera ilipiga aina gani?"

Mama Pacha aliinamisha kichwa. "JPEG. Tena ndogo. Kadi ya kamera ilikuwa inajaa upesi."

"Halafu?"

"Nikainyoosha picha, nikahifadhi. Nikakata kingo, nikahifadhi. Nikaongeza mwanga, nikahifadhi. Mwisho nikazigeuza zote kuwa TIFF."

Mama Kalenda alivua miwani. "Shoga, umemimina kikombe cha maji ndani ya pipa, sasa unasema una pipa la maji."

"Sijaelewa."

"JPEG hubana picha ili iwe nyepesi. Ikibana, inatupa vitu vidogo vidogo. Inafaa kutuma kwa simu au kuweka kwenye mtandao. Kuifungua na kuitazama tu hakuna dhara. Lakini kila ukiirekebisha na kuihifadhi upya, inatupa tena. Mstari mwembamba wa penseli ndio unaoumia kwanza."

"Na TIFF?"

"TIFF ukiihifadhi bila kubana, haitupi kitu. Inatunza kila ilichopewa. Wewe umeipa moshi, nayo imetunza moshi."

Baba Pacha alitikisa kichwa. "Ni kama kitambaa. Ukishakikata kifupi, hata ukikiita kirefu hakirefuki."

"Basi vilivyopotea havirudi?" aliuliza Mama Pacha.

"Havirudi. Daftari liko wapi?"

"Kazini, kabatini."

"Basi acha kulilia sahani. Piga upya. Weka kamera kwenye picha ghafi, hizo zinabeba yote yaliyoonwa na kamera. Kompyuta izigeuze kuwa TIFF. Hiyo ni nakala mama, usiiguse. Ukitaka kukata au kutuma, toa JPEG kutoka kwake. Na nakala mama iwe kwenye diski mbili, mahali pawili. Ila piga ukurasa mmoja kwanza, uukuze, uusome. Ndipo uendelee."

Mama Pacha alimpigia mkuu wake simu. Alisema kweli yote. "Saa mbili asubuhi nitafungua mlango," mkuu alijibu.

Asubuhi alipiga ukurasa wa kwanza, akaukuza. Aliona hadi mahali penseli ilipokwaruza karatasi. Akaendelea. Kumi. Thelathini. Kadi ilijaa, akaweka nyingine. Sitini na tano.

Saa nne mlango ulifunguliwa. Binti wa mkunga alisimama pale, mkoba begani.

"Gari limewahi. Nimekuja kuchukua daftari la mama."

Mama Pacha aliweka kamera chini. "Zimebaki kurasa thelathini na moja, dada."

"Si mlishapiga?"

"Nilipiga vibaya. Kosa ni langu. Tafadhali tazama."

Alimwonyesha picha mbili za ukurasa mmoja. Ya zamani ilikuwa ukungu. Katika ile mpya, pembeni, mkunga alikuwa ameandika kwa herufi ndogo sana: *Mvua. Mtoto analia vizuri.*

Binti wa mkunga alisogeza uso karibu. Kisha akaweka mkoba chini.

"Sikuwahi kuliona hili," alisema. "Acha dereva anune. Malizia."

Saa tano kasorobo kurasa zote tisini na sita zilikuwa zimekamilika. Mkuu alichagua kumi, akazikuza moja moja. Zote zilisomeka. Diski moja ilibaki makumbusho, ya pili ikapelekwa ofisi nyingine. Binti wa mkunga aliondoka na daftari lake, na picha za JPEG kwenye simu yake.

JPEG ya ukurasa wa arobaini ilitumwa kwenye simu ya Bibi. Mama Pacha aliporudi alikuta nyumba imejaa, na Mama Kalenda anacheka hadi machozi.

Tarakimu ilikuwa tatu. Haikuwa na ubishi.

"Mwanangu," Bibi alimnong'oneza mkwewe, "ile picha ya kwanza, ya moshi, bado unayo?"

"Nimeifuta, mama. Njoo tule."

Siku hiyo Mama Pacha aliongeza sahani ya pili.